Binti Aliyeagwa Kanisani Akabaki

“Nani amenisajili?”

Hilda aliuliza hivyo kabla hata hajasalimia. Alikuwa amesimama mlangoni kwa Emilian, pale Rau mjini Moshi, simu mkononi. Emilian alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake wa kidato cha tatu. Akaweka kalamu chini.

“Ingia kwanza.”

“Sikuja kuingia. Soma hii.”

Akamgeuzia simu. Ujumbe ulikuwa mfupi: “Usajili wako wa mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea umepokelewa. Somo: Fizikia. Fika kituoni kuhakiki taarifa zako.”

Emilian hakudanganya. Angalau hilo apewe.

“Ni mimi.”

“Namba yangu ya mtihani umeitoa wapi?”

“Ulinipa mwezi wa saba, tukaangalie matokeo.”

“Na picha?”

Hapo Emilian akaangalia madaftari yake.

“Emi, picha umeitoa wapi?”

“Ile uliyonipa niweke kwenye pochi. Niliipiga na simu.”

“Kwa hiyo picha niliyokupa ya mapenzi umeipeleka kwenye fomu ya mtihani.”

Tueleze jambo lenyewe, maana halihitaji kuzungushwa. Hilda ni binti wa mzee Jackson na mama Eliza wa Kirua Vunjo, mlimani juu ya mji wa Moshi, miaka ishirini na moja. Tangu mdogo alisema atakuwa daktari, na si kwa sababu ya koti jeupe. Bibi yake alikuwa na kidonda mguuni, na kwa miaka miwili aliyekiosha ni Hilda, asubuhi na jioni, wakati wajukuu wengine wanakimbia harufu. Matokeo ya kidato cha sita yakatoka: Biolojia C, Kemia D, Fizikia E. Vyuo vya udaktari vya hapa nchini vilitaka angalau D katika kila somo. Alikwama kwa herufi moja.

Ndipo akatokea Calvin, wakala wa vyuo vya nje, mwenye ofisi ghorofani pale mjini Moshi. Calvin alisema China hakuna anayeuliza Fizikia ya mtu. Barua ya chuo ilikuja ndani ya siku tisa. Mzee Jackson akauza ng'ombe wawili, akalipa malipo ya kwanza.

Halafu wakafanya kosa ambalo sisi watu wa mlimani tunalifanya kila mwaka. Mtoto akipata safari, hatusubiri apande ndege. Mzee Jackson ni mzee wa kanisa, akaona fahari. Jumapili iliyofuata Hilda akaitwa mbele ya madhabahu, mchungaji akamwekea mikono, na baada ya ibada, kwenye mnada, kuku na mikungu ya ndizi vikauzwa kwa ajili yake. Bibi Mektrida, mmoja wa vikongwe wa usharika, akatoa blanketi jipya. Daniel wa kwaya akatoa begi la magurudumu. Usharika mzima ukamuaga. Na huku kwetu ukishaagwa, umeagwa. Ukionekana tena sokoni wiki ya nne, watu wanaulizana umefukuzwa na nani.

Emilian alikuwa amemwonya mara mbili. Yeye ni Mrombo wa Tarakea, upande mwingine wa mlima, mwalimu wa Fizikia katika sekondari moja ya mjini, na alikuwa mchumba wa Hilda kwa mwaka mmoja sasa, ingawa posa ilikuwa bado. Mara zote mbili Hilda alimwambia aache wivu.

“Unajua nasafiri Jumanne ya wiki ijayo,” Hilda alisema.

“Najua. Na usajili unafungwa karibu na siku hizohizo. Nilitaka uwe na njia nyingine ukibadili mawazo.”

“Hukutaka niende. Sema hivyo.”

“Sitaki uende kwa njia hiyo. Huna kibali cha Tume ya Vyuo Vikuu. Utasoma miaka sita, utarudi, halafu utaambiwa hukustahili kuondoka.”

“Calvin anasema kibali ni makaratasi tu.”

“Calvin analipwa kwa kila kichwa kinachopanda ndege.”

“Na wewe utalipwa nini nikibaki?”

Swali lilimkaa vibaya Emilian. Alisugua chaki iliyokuwa imemganda vidoleni.

“Nitakupata wewe,” alisema. “Sikatai. Lakini hata kama ningekuwa sikupendi ningekuambia hivihivi.”

“Hukuniambia. Umenijazia fomu. Baba ananichagulia, Calvin ananichagulia, na wewe sasa umeingia kwenye foleni. Usinipigie, Emilian.”

Akaondoka. Emilian alipiga mara nne jioni ile. Mara ya tano simu ikawa imezimwa.

Kesho yake Hilda alimweleza mama yake. Mama Eliza alikuwa anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe waliobaki, na panga halikusimama hata alipoambiwa habari ya fomu. Alisema walimu wanaona mitihani kila mahali kama fundi viatu anavyoona miguu. Alisema kama Hilda ana wasiwasi, asimuulize mwalimu wala wakala, amuulize aliyekwenda na kurudi.

“Daktari Aikaeli yupo. Muulize yeye.”

Aikaeli ni binti wa mzee Anaeli, jirani yao ng'ambo ya mfereji. Aliagwa miaka minane iliyopita, baba yake akachinja ndama dume, akasoma udaktari nje miaka sita, na sasa ni mwaka wa pili tangu arudi. Anafanya kazi hospitali Moshi mjini. Akipanda nyumbani Jumapili, nje ya kanisa kinakuwa kama kliniki: huyu anaonyesha goti, yule anatoa ulimi.

Hilda akamwandikia: “Shikamoo dada Aika. Naondoka wiki ijayo kwenda kusoma udaktari. Naomba kuuliza, wewe ulipoondoka ulikuwa na kibali cha Tume?”

Jibu lilikuja baada ya siku mbili: “Nenda tu mdogo wangu. Mungu akutangulie.”

“Amina. Ila kuhusu kibali?”

Alama mbili za bluu zikaonekana. Jibu halikuja.

Hilda si mtu wa kungoja jibu. Ijumaa akashuka mjini, akaenda moja kwa moja mapokezi ya ile hospitali, akaulizia Daktari Aikaeli Anaeli. Muuguzi akatazama orodha, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita wa tatu. Wakamwambia kwa upole kwamba hapo hakuna daktari wa jina hilo, na hajawahi kuwapo.

Alipiga simu akiwa palepale.

“Dada, nipo mapokezi. Wanasema hawakujui.”

Upande wa pili kulisikika mtu akiuliza bei, kisha mlango ukafungwa.

“Usiwaulize tena,” Aikaeli alisema. “Njoo nyuma ya soko. Ukiona duka la dawa lenye mlango wa kijani, ingia.”

Alimkuta ndani ya koti jeupe, anamhesabia mzee mmoja vidonge vya presha na kumrudia mara tatu jinsi ya kuvimeza. Mzee alipotoka, Aikaeli akafunga nusu ya mlango.

“Sasa umeona,” alisema. “Mimi nauza dawa.”

“Digrii unayo lakini?”

“Ninayo, iko chini ya godoro. Nimesoma kweli, Hilda, usije ukadhani nilikwenda kutembea. Nimezalisha wanawake, nimeshona vidonda, kwa lugha niliyojifunza hukohuko. Lakini nilikwenda na E ya Kemia. Wakala wangu alisema kibali tutakitafuta nikiwa njiani. Niliporudi na kwenda kujiandikisha kama daktari, niliweka digrii mezani. Wakaniuliza matokeo ya kidato cha sita.”

“Ukawaambia nini?”

“Ungewaambia nini wewe?”

Hilda akakaa kwenye boksi la chupa za dripu. Alikuwa amekuja kutafuta mtu wa kumwambia Emilian ana wivu. Sasa alikuwa anatazama koti jeupe lisilo na jina kifuani.

“Mbona hukurudia Kemia? Ni somo moja.”

“Nilishaagwa.”

“Miaka minane iliyopita.”

“Ndiyo mbaya zaidi. Baba alichinja. Watu walikula, wakaimba, wakanibeba mabegani. Nirudi kwenye dawati na watoto wa juzi, halafu Jumapili yule mama aniletee goti lake aniite daktari?”

“Mwambie ukweli.”

“Mwambie wewe kwanza,” Aikaeli alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kali. “Wewe uliagwa juzi, blanketi bado linanuka duka. Simama mbele yao useme siendi. Ukiweza, uje uniambie mimi nisimame.”

Mteja akagonga mlango. Aikaeli akamshika Hilda mkono.

“Nakuomba kitu kimoja. Baba asijue kwa mdomo wako.”

“Hatajua.”

Kutoka pale Hilda hakupanda nyumbani. Alikwenda kwanza kwenye kile kituo cha mtihani kilichotajwa kwenye ujumbe, akakaa na karani kama nusu saa. Alipotoka alikuwa bado ana hasira na Emilian. Kugundua kwamba mtu uliyemfokea alikuwa sahihi hakupunguzi hasira, kunaiongeza.

Nyumbani aliwakuta wazazi wote wawili wanakunywa chai. Siri ya Aikaeli ilikuwa inamwasha ulimi, maana kwa maneno matatu tu angemaliza ubishi. Hakuyasema. Akapiga simu kwa Calvin, akaweka spika, akailaza simu katikati ya vikombe.

“Sister Hilda, mambo. Umeshafunga mabegi?”

“Calvin, nina swali moja. Nikimaliza, nitasajiliwa kuwa daktari hapa Tanzania?”

“Ukimaliza utakuwa na digrii ya kimataifa. Dunia nzima itakuwa yako.”

“Nimeuliza Tanzania.”

“Hayo ni ya baadaye, sister. Sasa hivi tuwaze ndege.”

Mama Eliza akaisogeza simu upande wake.

“Kijana, mimi ni mama yake. Kibali cha Tume mtamwombea au hamtamwombea?”

“Shikamoo mama. Unajua mama, kile kibali wanapewa wale wenye sifa za...”

Akaishia hapo.

“Malizia.”

“Wenye sifa za hapa nchini, mama.”

“Yeye anazo?”

“Sasa mama, ndiyo maana tunampeleka nje.”

Mama Eliza akakata simu. Akamalizia chai yake, akaosha kikombe, akakifunika.

“Nimeelewa,” alisema. “Haendi.”

Mzee Jackson alikuwa ameshika kichwa.

“Ameshaagwa, mama Eliza.”

“Ameagwa, hajafa.”

“Mchungaji amemwekea mikono. Watu wametoa vitu vyao. Jumapili nitasimama wapi mimi?”

“Utakaa, baba,” Hilda alisema. “Nitasimama mimi.”

Mzee alisukuma kikombe, akatoka nje. Lakini Jumapili asubuhi, Hilda alipotoka na blanketi kichwani na begi la magurudumu mkononi, alimkuta baba yake amesimama njiani kwa suti yake ya ibada. Akampokea begi.

Baada ya matangazo mchungaji alimpa nafasi. Hilda alipanga vitu vyote juu ya meza ya sadaka: blanketi, begi, mashuka mawili, taulo, na bahasha yenye pesa za mnada. Aliamua kusema haraka.

“Mliniaga Jumapili mbili zilizopita. Siendi. Fizikia yangu haikutosha, na huko nilikokuwa nakwenda ningerudi na cheti ambacho kisingeniruhusu kumtibu hata mmoja wenu. Nitarudia mtihani mwezi wa tano, hapahapa. Vitu vyenu nimevirudisha. Anayetaka kucheka acheke leo nikiwepo.”

Hakuna aliyecheka. Nje, ng'ombe wa nyumba ya mchungaji akalia. Kisha Bibi Mektrida, aliyekaa benchi la pili, akanyanyua fimbo yake.

“Blanketi langu unalirudisha kwa nini? Kirua hakuna baridi?”

Hapo ndipo watu wakacheka, na kilikuwa kicheko kizuri. Mchungaji akauliza kama kuna mwingine anayetaka kitu chake. Daniel wa kwaya akaenda mbele, akachukua begi lake. Hakuna aliyemlaumu. Lilikuwa begi zuri. Pesa za mnada wazee waliamua zibaki kwa Hilda, akanunue vitabu.

Aikaeli alikuwa benchi la nne na wazazi wake. Aliondoka kabla ya baraka ya mwisho. Saa kumi jioni simu ya Hilda ikatoa mlio wa ujumbe wake.

“Kemia wanasajili mpaka lini?”

Hilda akamwandikia tarehe.

Jumatatu Emilian akapanda Kirua. Habari ya kanisani ilikuwa bado haijamfikia, maana alikuwa Tarakea kwao tangu Ijumaa. Yeye alijua jambo moja tu: kesho Hilda anaruka. Mama Eliza ndiye aliyemwona wa kwanza, akikata kona ya kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani, na jani la isale mkononi. Kwa asiyejua, hilo ndilo jani Mchaga analompelekea aliyemkosea, na aliyepelekewa hawezi kulikataa, hata kama amekosewa mpaka mfupa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Jani hilo umelikata wapi?”

“Kwenye mpaka wa kihamba chetu. Baba alinionyesha la kukata.”

“Umetoka nalo Tarakea mpaka huku?”

“Ndiyo, mama.”

Mama Eliza alimtazama kuanzia viatu vyenye vumbi. Angeweza kumwambia habari yote kwa sentensi moja akampunguzia mateso. Hakumwambia.

“Yuko kwenye kahawa. Nenda kaseme ulichokuja kusema. Usipunguze.”

Hilda alikuwa anachuma kahawa, kikapu kiunoni. Aliliona jani kabla ya kumwona mwenye jani.

“Umekuja na isale.”

“Ndiyo.”

“Unajua kwamba mtu akiletewa hilo hawezi kukataa.”

“Najua.”

“Kwa hiyo hata msamaha umekuja umenichagulia jibu.”

Emilian akaliangalia jani kama mtu aliyebeba chombo cha watu kikamvunjikia mkononi. Hakulifikiria kwa namna hiyo, na baba yake pia hakulifikiria.

“Liweke chini,” Hilda alisema. “Niombe kwa mdomo. Nikitaka kukataa nikatae.”

Akaliweka chini ya mti wa kahawa. Akasimama mikono mitupu.

“Kesho unasafiri. Sijaja kukuzuia,” alisema. “Nilijaza fomu yako bila kukuuliza. Na si kwamba nilisahau kukuuliza. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikuuliza. Hilo ndilo kosa lenyewe, na nimelifikiria njia nzima. Nenda ukasome. Mambo ya kibali tutayahangaikia ukiwa hukohuko, nitakusaidia kuandika barua. Ukirudi ukikuta nimeoa, basi. Ukikuta sijaoa, ujue nilikuwa nakungoja.”

“Utamwoa nani?”

“Sijui. Ilikuja tu mdomoni.”

Hilda akageukia mti ili asionekane anacheka. Akachuma punje tatu, nne.

“Emi, siendi.”

“Huendi wapi?”

“China. Nilisimama kanisani jana nikawaambia. Muulize yeyote katika ulimwengu huu wa Kirua, atakuhadithia mpaka rangi ya taulo niliyorudisha.”

Emilian akasogea hatua moja.

“Subiri,” Hilda alisema. “Sijabaki kwa ajili yako. Nataka ulisikie hilo kabla hujafurahi.”

“Nimelisikia.”

“Na ile fomu yako nimeibadilisha. Nilikwenda kituoni Ijumaa. Ulinisajili Fizikia peke yake.”

“Fizikia ndiyo iliyokwama.”

“Na Kemia ina D. Kwa D hiyo, wanaoomba vyuo watanipita wote nikiwaangalia. Wewe ulitaka nivuke mstari. Mimi nataka nichaguliwe. Nimeongeza Kemia, na picha nimewapa nyingine. Ile ni ya pochi.”

Emilian alikuwa amefundisha Fizikia miaka mitatu na hakuwahi kufikiri kwamba angeweza kumpima mtu chini ya anavyojipima mwenyewe.

“Nisamehe,” alisema. “Na hilo la Kemia pia.”

Hilda akainama, akaliokota jani yeye mwenyewe, akaliweka juu ya kahawa kikapuni.

“Jumamosi uje na vitabu vya umeme na mwendo. Na ukinirahisishia maswali kwa sababu unanipenda, nitatafuta mwalimu mwingine.”

Hakurahisishiwa. Miezi ile haikuwa ya mapenzi ya kwenye picha. Hilda alikamua ng'ombe asubuhi, akasoma mpaka mchana, akakata majani, akasoma tena. Mama Eliza alikwenda kwa Calvin mara tatu kudai malipo ya kwanza. Alikaa kwenye kochi la wateja na kuwaeleza wateja wengine, bila kupandisha sauti, kilichomleta. Mara ya tatu alirudi na sehemu kubwa ya pesa. Sokoni kuna waliomwita Hilda “yule wa China”. Aliitika.

Jumamosi ya pili Aikaeli alikuja na daftari jipya la Kemia, akavuta kiti bila kueleza. Asubuhi ya siku ile alikuwa amekaa na baba yake na kumwambia yote, kuanzia E mpaka mlango wa kijani. Mzee Anaeli hakula mchana. Jioni aliuliza tu vitabu vinauzwa wapi. Na Jumapili, yule mama wa goti alipokuja, Aikaeli alimwambia, “Mama, bado sijawa daktari. Nenda zahanati ukapimwe.” Mama yule alikasirika wiki mbili, akaenda zahanati.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Emilian alimpa Hilda mtihani wa majaribio. Akapata thelathini na nne kwa mia. Emilian akaanza kusema maneno laini, Hilda akamzuia.

“Usinifariji. Nionyeshe nilipokosea.”

“Kila mahali, kwenye umeme.”

“Basi tuanze kila mahali.”

Kabla ya hapo, mwezi wa kumi na mbili, Wachaga wote waliporudi nyumbani na barabara ya mlimani ikajaa magari ya Dar, wazee wa Tarakea walipiga simu kutaka kuja kujitambulisha. Ulikuwa wakati wenyewe, ukoo wote upo. Hilda alikataa. Emilian aliumia, na hakuficha.

“Unaogopa nini? Mimi sikuoi kwa Fizikia.”

“Nikifeli, nataka nifeli nikiwa kwetu,” Hilda alisema. “Nikiolewa nimefeli, watasema nilikimbilia ndoa. Halafu siku moja na wewe utasema.”

“Sitasema.”

“Utafikiri.”

Emilian alikaa na neno hilo siku nne. Siku ya tano alimpigia baba yake, akamwambia wangoje.

Mitihani ikaja, ikapita. Hilda hakusema imekuwaje, na Emilian hakuuliza. Katikati ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, simu ya Emilian ikaita akiwa chumba cha walimu.

“Yametoka,” Hilda alisema.

“Nimesikia. Hapa kila mwalimu yuko kwenye simu yake.”

“Umeangalia?”

“Hapana.”

“Namba yangu unayo.”

“Ninayo. Matokeo ni yako.”

Hilda akamwambia asikate, na yeye bado hajafungua. Alikuwa amesimama mahali ambapo mtandao unashika vizuri, karibu na banda, mama yake kando na ndoo ya maziwa. Ukurasa ulizunguka, ukagoma, ukazunguka tena.

“Soma basi,” mama Eliza alisema, “au nisome mimi.”

“Kemia, B.”

Emilian alikuwa amefumba macho. “Endelea.”

“Fizikia.” Akavuta pumzi. “C. Emi, ni C.”

Kwenye simu ukasikika mlio wa kiti kuanguka na sauti za walimu wakiuliza kuna nini. Emilian hakuwajibu. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na machozi yake hayakuwa na aibu yoyote. Hilda alimsikia kwa mbali. Akamwacha alie, kwa sababu na yeye alikuwa analia, ila kilio chake kilikuwa cha meno yaliyoumana.

Mama Eliza akaweka ndoo chini, akachukua simu.

“Emilian.”

“Naam mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Wazee wako sasa waje. Ila uwaambie mapema: harusi ni baada ya mwaka wa kwanza wa chuo. Na anaomba vyuo vya Moshi na vya Dar. Akichaguliwa Dar, ni Dar. Usije ukaniletea maneno.”

“Sina maneno, mama.”

“Haya. Ongea na mwenzako.”

Hilda akapokea simu, akajifuta uso kwa kanga.

“Baba yako anakunywa pombe ya mbege au nimwekee soda?”

“Mbege. Mama ndiye wa soda.”

“Wanakuja wangapi?”

“Wakisikia leo, watajaa gari.” Sauti yake ilikuwa bado haijatulia. “Hilda, hakuna haraka. Chagua siku unayotaka.”

“Nimeshachagua,” alisema, huku anaelekea jikoni. “Ulezi wa mbege naloweka leo.”